Kama Kuna Anayepinga

Sisi Wamormoni tunaidhinishana kwa mkono. Mtu akipewa kazi kanisani, iwe kufundisha watoto au kupiga kinanda, jina lake husomwa mimbarani, wanaokubali huinua mkono wa kulia, kisha huulizwa kama kuna anayepinga. Miaka yote niliyosali pale sijaona wa kupinga. Mikono hupanda yenyewe, hata ya aliyekuwa anasinzia.

Mume wangu anaijua tabia hiyo, na hilo ndilo lililonipandisha mori. Jumapili moja, uchaguzi ukikaribia, askofu alikuwa safarini, na mume wangu, mshauri wake, ndiye aliyeongoza ibada. Akasoma jina la mwalimu mpya wa watoto, tukainua. Akasoma la mpiga kinanda, tukainua. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akasema tumwidhinishe pia ndugu yetu Mheshimiwa, aliyeketi benchi la mbele na tai mpya, awe mbunge wetu.

Mikono ikapanda. Na wangu ukapanda, jamani. Ulikuwa juu kabla masikio hayajafika mwisho wa sentensi.

Nikaushusha haraka. Mimi ni fundi cherehani. Mheshimiwa huyo, alipokuwa diwani, alituletea mgambo wakatufagia barazani bila hata notisi, na cherehani yangu ikatupwa kwenye lori kama gunia la takataka. Mume wangu anajua. Ndiye aliyenifuta machozi. Na wiki moja tu kabla, mimbarani palepale, alitusomea kwa kinywa chake barua ya kanisa: kanisa halina chama, kila muumini achague kwa dhamiri yake. Leo anataka kuninyang'anya kura yangu nimekaa kanisani. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

"Kama kuna anayepinga," akasema, huku anatafuta ukurasa wa wimbo.

Nikainua mkono.

Alipoinua macho akaniona. Kanisa zima likageuka. Mheshimiwa naye akageuka, anatabasamu vile wanasiasa wanavyotabasamu wakikanyagwa mguu.

"Dada," mume wangu akaniita, kana kwamba hatukuamka kitanda kimoja asubuhi hiyo, "labda hukusikia vizuri."

"Nimesikia. Umeuliza anayepinga. Ni mimi."

Akatangaza wimbo. Mkono nikauacha juu mpaka ubeti wa pili, bega linaniuma, kwa ukaidi tu.

Nyumbani akasema nimemvua nguo mbele za watu. Nikamwambia amejivua mwenyewe, mimi nimetazama tu. Akauliza basi kura yangu nitampa nani. Angeniuliza juzi, tukiwa wawili, kama mume, ningemwambia.

"Sasa hata wewe hutajua," nikamjibu.

Mezani tulikuwa watatu, sisi na binti yetu, ambaye mwaka huu atapiga kura kwa mara ya kwanza. Mume wangu akasali. Akashukuru kwa chakula, akamwomba Mungu alainishe mioyo migumu iliyomo nyumbani humu na ampe ndugu yetu ushindi. Kwetu sala ikiisha, wote huitikia amina. Nikafunga mdomo. Nikamchungulia binti yangu: macho ameyafumba kwa adabu, kichwa kimeinama, na midomo haikutikisika.

Baba yake akasema amina peke yake.