Kilima cha Upande wa Hoteli

Katika ofisi ya kampuni ya simu mjini Dodoma, Nasra aliandika programu ndani ya mfumo wa ramani wa kompyuta. Ilipima ni vijiji gani vinaonekana kutoka kila kilima, ili mnara wa simu ujengwe pasipozibwa na miamba. Huko Kondoa, ilichagua kilima kinachotazama kijiji cha mama yake, karibu na Kolo.

Meneja hakupendezwa. "Hoteli ya watalii iko upande wa pili. Ongeza urefu wa mnara kwenye kilima cha upande huo, kishinde."

"Bosi, mnara mrefu hivyo hatujengi."

"Ramani haijui hilo."

Nasra alikataa. Mwenzake akabadilisha tarakimu za urefu, kilima cha hoteli kikashinda, na ramani ikapelekwa kijijini ikiwa na jina la Nasra.

Mnara ulipowashwa upande wa hoteli, Nasra alikwenda nyumbani kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama hakumpa kiti. "Ramani yako tuliiona. Juzi mdogo wako Mwamvua alishikwa na uchungu, tukakosa mtandao wa kuita gari. Mtoto hakupona."

Nasra alianza kueleza habari za tarakimu, lakini mama alikuwa ameshainuka, akaenda kupepeta uwele.