Uji wa Mkwe Mkesha wa Kipimo

Tangu enzi za kumbeba mgongoni, Ng'washi hakuwahi kumwona binti yake akiwa mwepesi namna hii. Selina alikuwa na miaka ishirini na tisa, mama wa watoto watatu, fundi cherehani wa Igoma anayeshona sare za shule. Ulikuwa mwezi wa nne sasa akitoa damu chooni. Aliongezewa damu mara mbili, haikai. Madaktari wa hospitali aliyolazwa, hapahapa Mwanza, wakasema kubahatisha basi: lazima wapitishe kamera ndani ya utumbo waone panapovuja. Na daktari wa kipimo hicho alikuwa akija Alhamisi tu.

Jumatano mchana nesi Atieno, mama mrefu wa Kijaluo kutoka Rorya, akaja na dumu na pakiti za dawa ya unga.

"Mama Selina, nisikilize. Kuanzia sasa huyu hali kitu. Maji, chai ya rangi, juisi ile unayoweza kuona upande wa pili wa glasi. Basi. Dawa hii anywe glasi moja kila robo saa, nusu dumu jioni, nusu alfajiri. Ataharisha, msishtuke. Tunataka atoe maji ya njano, safi kama mkojo. Akitoa matope niambieni, nimwongezee dawa. Kamera haioni ndani ya matope."

"Na uji mwepesi je?"

"Uji ni chakula, mama. Hata uwe mwepesi kama machozi."

Selina akaonja dawa kidogo, akakunja uso. "Mama, hii ni kama kunywa ziwa walikooshea masufuria."

Walicheka wote watatu. Ng'washi angekikumbuka kicheko kile.

Saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, akaingia Mzee Luhende, baba mkwe wake Selina, ametoka Magu na chupa ya chai kwapani. Selina akavuta kitenge, akainamisha macho. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, na habari za mwilini hazitajwi mbele yake kamwe.

"Shikamoo baba," akasema Selina kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mkwe," akamgeukia Ng'washi, "mama yao ameamka gizani kusaga ulezi. Ameweka na karanga. Kasema mgonjwa asilale njaa."

"Asante, mkwe. Ila manesi wamesema..." akaanza Ng'washi.

"Wamesema nini?"

Amwambieje mzee wa watu kwamba binti anasafishwa tumbo, kwamba jioni nzima atakuwa wa chooni? Na chakula kilichotoka kwa mama mkwe kinarudishwaje?

"Wamesema anywe taratibu."

Selina alimtazama mama yake mara moja tu. Kisha akanywa vikombe viwili, na mzee akasimama amewapa mgongo, kama heshima inavyotaka, mpaka aliposikia kikombe kimewekwa chini.

Dawa ya jioni aliinywa, glasi ya tatu akaitapika. Ya alfajiri alijikaza. Ng'washi alimshika mkono kila safari ya chooni, na safari ya mwisho akaona kwa macho yake: matope ya kahawia, na punje za ulezi ndani yake.

"Tumwambie nesi, mama."

"Atatufokea. Acha dawa ifanye kazi, itamaliza yenyewe."

Saa kumi na mbili asubuhi Mzee Luhende alikuwa amerudi. Alilala kwa ndugu Mkuyuni. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda nesi Atieno alipoingia na faili, sauti juu kama kawaida yake.

"Selina! Choo cha mwisho kilikuwaje?"

Selina akajifunika uso. Mzee akakohoa, akageukia dirishani.

"Kizuri," akajibu Ng'washi.

"Kizuri ndiyo nini, mama? Maji au matope?"

"Maji. Safi."

Atieno akaandika. Kutoka pale kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi, mzazi mwenzangu unayesoma. Hatua kumi tu, angemvuta nesi mkono wakasemezane nje. Hakuzipiga.

Saa nne wakampeleka chumba cha kipimo. Hata benchi halijapata joto, mlango ukafunguliwa.

"Mama, tumeingia kidogo tumerudi," akasema daktari. "Ndani kumejaa, punje zinaziba kamera. Alikula nini?"

"Uji wa ulezi."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

Nesi Atieno alikuwa nyuma yake. "Asubuhi nilikuuliza."

"Mkwe alikuwepo."

Atieno alitikisa kichwa, hasira zimemwishia. "Na mimi nina wakwe, mama. Ungenikonyeza tu."

Wakapangiwa Alhamisi inayofuata. Haikufika. Jumapili mchana damu ilikuja kuliko siku zote, ikapita kitenge, ikapita shuka, ikaingia godoro. Daktari wa upasuaji alisema akiwa anatembea: "Hatuwezi kungoja. Shida yetu hatujui inavuja wapi. Tunafungua."

Selina alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Jumatatu alipopata nguvu ya kuongea, mkono wake ulipapasa ubavuni, ukakuta mfuko wa kupokea choo, umebandikwa ngozini.

"Mama. Walipaona panapovuja?"

"Hawakupaona. Wametoa karibu utumbo mkubwa wote."

"Kwa sababu hawakujua pa kukata."

"Ndiyo, mwanangu."

Kitanda cha jirani mtu alikuwa anamenya chungwa.

"Baba mkwe anajua?"

"Nimemwambia mwenyewe, jana, pale mlangoni. Uji, na choo, na uongo wangu. Vyote."

"Kasemaje?"

Ng'washi alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Alikaa chini palepale kwenye sakafu. Kisha akasema, 'Mkwe, kwani mngeniambia nitoke nje kidogo, ningekataa?'"

Selina akafumba macho. Mfuko ubavuni pake ulikuwa umeanza kujaa, na Ng'washi hakujua unavyomwagwa.