Shangazi wa Chini ya Kitambaa

Mwaka wa tisini na tatu, katika duka moja la kuchapa kadi za arusi huko mtaani Biryogo, kompyuta ilivishwa kitambaa cha kufuma, kazi ya mikono ya mke wa patroni, bwana mwenye duka. Kilining'inia hadi kufunika safu ya juu ya vitufe. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Wapiga chapa walizoea vitufe vya chini tu.

Siku moja mashine ilimeza kadi za arusi ya Jumamosi, na mpiga chapa Illuminée akapewa hadi jioni kuzitoa. Cécile, mwenzake wa zamu ya mchana, alikwisha kufukuzwa kwa kosa kama hilo.

"Zisipoonekana, umfuate," alisema patroni Nsabimana.

Illuminée akageuka upesi, kiwiko kikagonga kikombe, chai ikamwagikia kitambaa. Illuminée akakivua akifue, ndipo akaona kitufe cha kwanza kabisa cha juu, kimeandikwa F1, bado kinang'aa kwa upya. Akakibonyeza.

Kwenye kioo cha kompyuta akatoka shangazi mmoja, amejitanda umushanana, vazi la heshima la kupita begani, anajinyoosha kiuno. Illuminée akampisha kiti, akamletea Fanta, maana mgeni haulizwi neno akiwa na kiu.

"Mimi ndiye Msaada," akasema alipofika nusu ya chupa. "Nimo humu tangu mashine iletwe. Kadi zako hazijapotea, mwanangu, hukuzipa jina tu. Mtoto asiye na jina utamwitaje?"

Akamwonyesha. Kadi zikatoka zote kabla ya adhana ya magharibi.

Patroni akaingia, akamsalimu shangazi kwa mikono miwili, akamwuliza habari za huko ndani.

"Pamebana," akajibu.

Illuminée akatuma aitwe Cécile. Alifika na kanga yake ya jikoni.

"Nilikugongea sana," shangazi akamwambia. "Tulikuwa karibu kama pua na mdomo, mimi na wewe. Ila kitambaa kilikuwa kizito."

"Basi ni wewe! Mimi nikadhani panya." Cécile akamgeukia patroni. "Sasa nirudi kazini?"

"Nikikurudisha, Cécile, watu watasema nilikosea. Tena mke wangu ataulizia kitambaa chake."

Kitambaa kilipofuliwa na kukauka, patroni akakitandika mwenyewe juu ya mashine. Shangazi alikuwa amekwisha kuingia ndani, na chupa yake. Cécile akaaga kila mtu, akateremka kichochoroni.

Kesho yake zamu ya mchana alipewa msichana mpya, Kaliza. Patroni akamketisha mbele ya mashine, akamwambia hapa hawataki mtu wa maswali mengi.