Ng'ombe wa Delbert

Serikali ilipowalipa wafugaji fidia ya korona, kila mtu kwa idadi ya ng'ombe wake, nilitamani kujua jirani yangu Delbert kavuta kiasi gani. Huku kwetu Nebraska, kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumpekua mifukoni. Basi kila asubuhi nikawa napita na pikapu kando ya uzio wake, polepole, nikihesabu. Mbona wanaongezeka? Mwizi mkubwa huyu!

Leo kanisimamisha, kaegemea dirisha langu.

"Umemaliza kuhesabu, Lavern?"

"Nani, mimi? Napita zangu tu."

"Basi kesho pita na trela. Wale wenye hereni za njano ni wako. Uzio wako umelala chini wiki nzima, na wewe macho yote kwangu."