Meli Iliyowahi

Kila asubuhi, kabla jua halijaingia kwenye ua wa nyumba ya Kibokoni, Mombasa, Kache aliketi kizingitini akamnyonyesha mwanawe Nyevu titi la kushoto kwanza, halafu la kulia, kisha akampokeza babake, Karisa, ampigepige mgongo huku yeye akibandika karai la mahamri. Hawakuwahi kupangiana zamu hiyo. Ilikuwa imejipanga yenyewe, kama vile Bi Mejumaa, mwenye nyumba, alivyokuwa akikohoa mara tatu ghorofani ili wajue ameamka na angependa chai.

Asubuhi hiyo Nyevu alikuwa ndio kwanza amehamia titi la kulia mlango wa mbele ulipogongwa kwa fujo.

"Hodi! Asalaam aleikum wenye nyumba!"

"Aleikum salaam," Bi Mejumaa akajibu kutoka dirishani. "Nani wewe ugongae mlango wa watu kama askari?"

"Ni Khubaib, Bibi, karani wa ofisi ya ajira za meli. Namtaka dada Kache."

Kache alitoka na mtoto kifuani. Khubaib alikuwa ameegemea baiskeli yake, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Dada, meli imewahi," akasema. "Ilikuwa ishinde Unguja, bahari ikachafuka, wakaja zao moja kwa moja. Imetia nanga alfajiri. Wafanyakazi wapya wote wanatakiwa Mwembe Tayari, gari inawangoja. Abiria wanapanda mchana, na jioni inaondoka."

"Si mlisema kesho?"

"Ilikuwa kesho," akasema Khubaib, akapanda baiskeli yake kwenda kumwamsha mwingine.

Kache alibaki mlangoni. Siku ile aliyonyang'anywa ilikuwa ndiyo siku aliyoitegemea. Mamake alikuwa aje jioni kutoka Kaloleni kumchukua mtoto. Na baada ya hapo, yeye na Karisa wangebaki chumbani wawili tu, bila kisingizio, na pengine Karisa angesema lile neno.

Neno lenyewe lilikuwa fupi: usiende.

Walikuwa wote wawili wakifanya kazi hoteli moja ya ufuoni, Karisa jikoni, yeye vyumbani. Baada ya vurugu za mwaka uliopita wageni waliacha kuja, na hoteli ikafungwa. Karisa akaishia kubeba magunia kwenye maghala ya Shimanzi, siku kazi ikiwepo. Habari za meli ya watalii iliyotaka watu zilipofika walikwenda pamoja wakapanga foleni pamoja, na aliyeitwa ni Kache peke yake. Kutandika vitanda vya abiria, miezi tisa. Wapishi, waliambiwa, wamejaa.

"Basi umenishinda," Karisa alisema siku hiyo, akacheka. Tangu hapo hakuligusa tena jambo lile ila kwa mzaha.

Kache hakutaka kwenda. Alilijua hilo tangu jina lake lilipotajwa. Lakini angelisemaje? Kumwambia Karisa "sitaki" kulikuwa sawa na kumwambia, basi kabebe magunia zaidi. Ila Karisa akimkataza, Kache angenung'unika kidogo kumtunzia heshima yake, kisha angefungua sanduku arudishe nguo kambani. Njaa wangeijua wao wenyewe. Kwa hiyo alingoja, na Karisa akatania, na wiki zikaenda.

"Mwanangu, mbona wasimama kama mlingoti?" Bi Mejumaa alikuwa ameshuka, kanga ya kichwani bado hajaifunga vizuri. "Nenda ukavae."

"Bibi, mtoto je? Mama hajafika." Kache alilisema kwa sauti, makusudi, ili Karisa aliyekuwa uani asikie. "Siwezi kumwacha hivi hivi."

"Kwani mimi n'mekufa? Ntamtazama mimi hadi nyanyake aje. Na usiku akilia ntalia naye. Nenda, mama, riziki haipigiwi hodi mara mbili." Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamsomea dua huku akimpulizia usoni, na Kache akafumba macho kwa sababu wema ule ulikuwa umemzibia mlango wa kwanza.

Karisa alikuwa tayari amelibeba sanduku begani.

Walipita vichochoro vya Mji wa Kale wakatokea barabarani, Kache mbele na mtoto, Karisa nyuma.

"Ukirudi utanikuta nimenenepa," Karisa akasema. "Bi Mejumaa ameapa kunilisha pilau kila Ijumaa."

"Hujaniambia kitu, Karisa."

"Kitu gani?"

"Chochote."

Karisa alihamisha sanduku bega la pili.

"Usitembee bila viatu kwenye sakafu ya chuma," akasema mwishowe. "Utapata baridi ya miguu."

Mwembe Tayari, katikati ya makelele ya wapiga debe wa mabasi ya bara, gari la ofisi lilikuwa limewashwa. Mkubwa wa Khubaib, Bi Eddah, mwanamke mrefu mwenye miwani, alisimama mlangoni akiita majina. Ndiye aliyewahoji. Siku ile aliuliza kila mwanamke kama ana mtoto mchanga, kwa kuwa meli haichukui wanaonyonyesha, na Kache akajibu kwamba wake anasoma chekechea.

Sasa Bi Eddah alimtazama Nyevu. "Na huyu?"

Hapa tu, Kache aliwaza. Sihitaji kusema. Nitanyamaza, watanifukuza wao, na hakuna atakayekuwa amemkosea mwenzake.

"Wa dada yangu," Karisa akasema upesi. "Tumeachiwa tu, madam."

Kache alimgeukia. Karisa alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la hotelini la kumpokea mgeni. Alikuwa amemkana mtoto wake mbele ya basi la Nairobi ili mkewe asikose kazi. Nyevu, ambaye alikuwa na paji la babake hasa, akamshika babake sikio.

"Haya, pandeni," akasema Bi Eddah. "Baba na mtoto mwisho wao getini."

Kwenye geti la bandari ya Kilindini mlinzi wa zamu alikuwa Lennox, aliyepata kulinda mlango wa hoteli ile ile.

"Karisa! Siku hizi wewe yaya?"

"Kazi nzuri, ndugu yangu. Tajiri wangu hana maneno mengi. Akikasirika analia tu."

"Afadhali. Wangu hunifokea kwa Kiingereza."

Walicheka. Kache alimpa Karisa mtoto wakiwa bado wanacheka, maana aliona akingoja wanyamaze hataweza. Nyevu aliushika ukosi wa shati jeupe la mamake, na ilibidi vidole vifunguliwe kimoja kimoja.

"Haya basi," akasema Karisa.

"Haya."

Alitembea na wenzake hadi kwenye banda kubwa la gati. Meli ilikuwa imesimama nyuma yake kama mtaa mzima wa maghorofa uliopakwa chokaa. Mabasi ya watalii kutoka uwanja wa ndege yalikuwa yanaingia. Wachezaji ngoma walikuwa wakifunga njuga miguuni. Mmoja wao, msichana, alikuwa anakula andazi kwa haraka ya mtu aliyeambiwa atabasamu muda wote. Masanduku ya abiria yalirundikwa upande mmoja, kila moja limefungwa kikaratasi cha rangi, na wenyewe walikuwa wakiyaacha bila wasiwasi wakaenda kupokea maji ya madafu.

Foleni ya wafanyakazi ilikuwa upande wa pili. Alipokaribia meza Kache alimsikia Nyevu akilia. Geti lilikuwa mbali na pengine alikuwa mtoto mwingine, lakini matiti hayakungoja hakika. Yalishtuka yakamwaga. Aliinamisha kichwa akaona madoa mawili yakitanuka kwenye shati jeupe.

Bi Eddah naye aliyaona. Akamjia, akamshika mkono, akamtoa kwenye foleni.

Sasa, Kache aliwaza. Alhamdulillahi, angesema Bi Mejumaa. Sasa.

"Yule ni wako," akasema Bi Eddah kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, madam."

"Nilijua tangu siku ya mahojiano. Mtu hujifunza kuyatambua mambo haya." Akavua sweta yake nyembamba, akamvalisha, akamfunga vifungo mwenyewe. "Mimi wangu nilimwacha akiwa na miezi mitano nikaenda kufanya kazi Bahrain. Usimwambie daktari kitu. Akikuuliza, sema ni jasho. Sitakunyima nafasi hii, mama. Najua ulivyoihangaikia."

Kache hakuwa amewahi kumwona mtu mwema kiasi kile, wala kumchukia mtu kiasi kile. "Asante, madam," akasema, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Daktari alimwangalia macho na koo, hakumuuliza kitu. Ofisa wa meli alipokea pasipoti yake, akaitupa kwenye sanduku la bati pamoja na nyingine. Zingekaa humo, akaambiwa, hadi mkataba uishe. Alipewa beji yenye jina lake, limeandikwa vibaya, na akaonyeshwa ngazi. Si ile yenye zulia. Nyingine, ya nyuma, karibu na mahali vitunguu vilipokuwa vikipakiwa.

Chumba chake kilikuwa chini, hakina dirisha, na mwenzake alikuwa Purity, msichana wa Meru aliyekuwa kwenye mkataba wake wa pili.

"Siku ya kupanda ndiyo mbaya kuliko zote," Purity akamwambia akivaa viatu. "Tarajia hivi: hutakula, hutaketi, na kila mtu atakuuliza chumba chake kiko wapi na wewe mwenyewe hujui ulipo. Ukipotea, tabasamu. Umenisikia?" Kisha akaona sweta iliyolowa. Alifungua droo, akatoa pamba na kipande cha kanga. "Jifunge kwa nguvu. Hukauka. Wiki moja hivi, halafu hukauka."

"Na mtu akitaka kurudi?"

"Kurudi wapi?"

"Nyumbani. Kabla haijaondoka."

Purity alicheka, si kwa ubaya. "Pasipoti umeshawapa? Basi umeshakuwa mali yao."

Mchana wote alisukuma masanduku. Yale yale aliyoyaona gatini sasa yalipandishwa kwa lifti, naye akayaweka kila moja mbele ya mlango wa mwenyewe, kwenye ujia mrefu ulionukia sabuni. Mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya ukili alimuuliza kama Mombasa ina simba. Mwingine alimpa peremende. Milango ilifunguliwa, masanduku yakavutwa ndani, na watu wakapiga mayowe ya furaha kwa kuona kitanda. Kila alipopita dirisha aliona gati, lakini upande uliokuwa na makontena.

Jioni king'ora kililia. Purity alimvuta mkono. "Zoezi la hatari. Vaa jaketi la kuokolea, panda juu, simama na abiria wa sehemu yako. Usiogope, haizami leo."

Juu kulikuwa na watu wengi waliovaa majaketi ya rangi ya machungwa, wakipigana picha na kuchekana. Kache alisimamishwa ukingoni kabisa, bango lenye herufi ya sehemu yao mkononi. Akaangalia chini.

Karisa alikuwa pale, kando ya ukuta wa banda, ndani ya gati. Lennox alikuwa amempitisha. Nyevu alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi. Hakwenda nyumbani. Alikuwa amesimama pale, pengine tangu asubuhi, na alikuwa akitafuta dirisha moja baada ya jingine hadi alipofika kwenye ukingo akamwona.

Ngazi yenye zulia ilikuwa imeshavutwa. Vibarua walikuwa wakifungua kamba.

"Kache!" Karisa akaita. "Umekula?"

Aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amekula.

"Bi Mejumaa amesema usisahau kuandika!"

Akaitikia tena. Meli ilitetemeka chini ya miguu yake, na kati ya chuma na saruji ukatokea ufa mwembamba wa maji meusi. Karisa alitembea sambamba nao, hatua kwa hatua, akimshikilia mtoto kichwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Kache aliona kwamba ana mzaha mwingine anaoutafuta, na kwamba safari hii haupati.

"Sitaki kwenda," Kache akasema. Alilisema kama alivyozoea kusema mambo yake yote, kwa sauti ya mtu anayeomba njia. Karisa aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa.

Abiria waliokuwa karibu naye walianza kupunga mikono, wakidhani anaaga. Yule mama wa kofia ya ukili alimshika bega kwa upole. Ufa wa maji ulikuwa sasa na upana wa barabara.

Katika maisha yake yote Kache hakuwa amepaza sauti mbele ya watu. Aliachia bango, akashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili.

"Sitaki kwenda, Karisa! Sikutaka tangu siku ile ya kwanza! Nilikuwa nangoja wewe unikataze!"