Vifungo Ishirini na Vitano

"Thelathini na sita," alisema mwalimu wa michezo, akiwa amechutama juu ya futi mpya ya chuma, ya kupimia mita hamsini. "Hamsini mara saba, na hii ya nane imeishia thelathini na sita. Mama, mzunguko wa uwanja wako una mita mia tatu themanini na sita."

Mama Chokaa aliinama akaisoma futi mwenyewe. Mkono mmoja ulishika ndoo ya chokaa, wa pili ufunguo wa stoo, na vyote viwili vilimwelemea ghafla. Miaka ishirini na saba alikuwa akichora njia ya wakimbiaji katika uwanja ule wa shule kwa kamba ya katani aliyoachiwa na mtunza uwanja aliyemtangulia. Kamba ilinyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena, na kila mwaka ikasinyaa kidogo bila kumuaga mtu. Mia nne yake haikuwa mia nne.

"Pima tena," alisema.

Wakapima tena. Thelathini na sita.

Mwalimu alikunja futi yake akaenda zake, hana habari alichovunja. Ni yeye huyo huyo aliyemtania mwanzoni mwa mwaka, mbele ya walimu wote, alipomkuta anajaribu kukimbia hatua mbili tatu kando ya mstari. "Mama, wewe tuchoree tu. Kukimbia tuachie sisi wenye miguu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka, lakini neno lilimchoma, akajikuta anasema: "Kabla sijastaafu nitakimbia kilomita kumi hapa hapa, bila kusimama."

Lo! Mtu wa miaka hamsini na tisa, ambaye mara ya mwisho kutimua mbio alikuwa anafukuzwa na nyuki! Siku ya kwanza hakumaliza hata mzunguko mmoja. Alikaa kitako kwenye majani, pumzi juu juu. Lakini alikuwa king'ang'anizi wa kuzaliwa. Wiki hii mmoja, wiki ijayo miwili. Mumewe, fundi cherehani mwenye nyonga mbovu, alikuwa akikaa kwenye benchi na makopo mawili, na kila mkewe alipopita alihamisha kifungo kimoja cha shati kutoka kopo hili kwenda lile. Jumamosi iliyopita vifungo ishirini na vitano vilihama vyote. Mama Chokaa alilia na kucheka kwa pamoja, na Jumatatu akaitangazia shule nzima, kuanzia jikoni mpaka ofisini.

Leo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Saa kumi na mbili jioni angekabidhi ufunguo.

Mchana mumewe alimletea chakula, akasikiliza habari yote huku akipiga hesabu kwa vidole.

"Mita kumi na nne, mara ishirini na tano. Umepungukiwa mia tatu na hamsini tu. Achana nazo, bibie. Nani atakwenda kuzihesabu?"

"Mteja akikurudishia suruali, mguu mmoja umepungua vidole viwili, unamwambia nani atahesabu?"

"Suruali ni suruali," alisema fundi.

"Na kilomita ni kilomita."

"Umeinama na hiyo ndoo tangu asubuhi. Utaanguka."

"Nikianguka utanishona."

Alisema hivyo, lakini aliogopa, tena sana. Jumamosi alikuwa amepumzika kutwa nzima kabla ya kuanza. Leo mgongo ulikuwa hoi. Na akishindwa leo hakuna kesho, kwa sababu kesho atakuwa mgeni tu pale getini.

Akarudi kazini. Aling'oa vigingi vya zamani, akavisogeza nje kwa kufuata futi, akachora mstari mpya polepole, asiuharakishe hata kona moja. Ule wa zamani ulibaki kwa ndani, umefifia. Saa kumi alinawa mikono, akatundika ufunguo shingoni kwa uzi, akaanza.

Mwalimu alipokuja kuchukua ufunguo alikuta makopo yapo kazini. La pili lilikuwa na vifungo kumi na tisa.

"Mama! Si ulishamaliza wewe?"

"Nilimaliza za kamba," alijibu akipita, bila kugeuza shingo. "Hizi za futi."

Mwalimu alicheka kidogo, akaacha. Alikaa kwenye benchi kando ya fundi.

Mzunguko wa ishirini na mbili kichomi kilimshika ubavuni. Akapunguza mwendo mpaka mtoto wa chekechea angempita, ila hakusimama. Viatu vilikuwa vyeupe kwa chokaa yake mwenyewe. Ishirini na tatu. Ishirini na nne.

"Siku ile nilimtania tu," mwalimu alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Najua," fundi alisema. "Angalia mbele, anakuja."

Alikuja. Miguu ilikuwa mizito kama mawe, mdomo wazi, macho kwenye mstari. Akaukanyaga, na kifungo cha mwisho kikalia ndani ya kopo.

"Ishirini na tano!" fundi alipaza sauti, akisimama kwa shida. "Kumi kamili, mke wangu! Pumzika sasa!"

Mwalimu alinyoosha kiganja kupokea ufunguo. Mama Chokaa alimtazama, akatikisa kichwa. "Huu sasa ni wa kwangu," alisema, akapita. Ufunguo ulikuwa ukimgonga kifuani taratibu, hatua kwa hatua, naye akaanza kuingia kona ya kwanza.

"Ala! Anakwenda wapi?" mwalimu aliuliza. "Si zimetimia?"

Fundi alitazama kopo la kwanza. Tupu. Akapapasa mifuko yote miwili, akakuta chaki na uzi. Huko mbali mkewe alikuwa anaimaliza kona, mdogo, hana haraka yoyote.

Fundi aliinamisha kichwa, akauvuta ukosi wa shati lake, akaukata uzi wa kifungo cha juu kwa meno, akakishika tayari mkononi.