Wa Chini Ndiye Anayepokea

Usiku wa kuamkia leo nimeota mtungi wa oksijeni wa wodini umekaa kwenye kiti changu, unanipa pole ya msiba.

"Sikuisha," ulisema. "Nilikuwa nimejaa. Mapafu ya mama yako ndiyo yaliyokataa kunipitisha."

Nikaujibu kwamba najua. Mama yangu, Bi Mwanahawa, alifariki Alhamisi, tukamzika Ijumaa. Mtungi ukafungua mlango wa stoo, nikajikuta ndani ya seli ya mwisho ya mwili wa mama iliyobaki hai.

Mle ndani ni makaburini. Watu wamejipanga mistari miwili, wanapitisha elektroni bega kwa bega, kama tunavyopitisha jeneza. Kila elektroni ikipokewa, taa inawaka. Taa hizo ndizo nguvu za mama. Mwisho wa mistari kuna shimo, na ndani yake amesimama bwana mmoja aliyekunja mikono ya kanzu. Ni Oksijeni.

"Unafanya nini humo?" nikamuuliza.

"Napokea. Huku chini kukikosa mpokeaji, wa juu hawana pa kushushia. Mstari wote unasimama."

Akapokea elektroni mbili, akashika haidrojeni mbili, akawa maji. Akashuka mwingine, naye akawa maji. Baada yake hakuja mtu.

Mstari ukasimama. Taa zikaanza kufifia. Wote wakanigeukia, kama Ijumaa ile Mjomba Kombo aliponiambia, "Shuka, Athumani, umpokee mamako. Wewe ndiye mwanawe." Nami nikajifanya natafuta viatu vyangu. Niliogopa. Akashuka mjomba na magoti yake mabovu, na mimi naona aibu mpaka leo.

"Mimi si oksijeni," nikawaambia. "Hata nikipokea, hataishi."

"Tunajua," akasema aliyekuwa mbele. "Lakini hatuwezi kubaki naye mabegani."

Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye yale maji, nikanyoosha mikono, wakanishushia mama. Alikuwa mwepesi mno. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikamwomba radhi, nikalia kwa sauti. Taa ya mwisho ikazimika.

Nimeamka kumekucha. Kanzu niliyovaa Ijumaa bado imetundikwa msumarini. Niliitundika safi, kwa kuwa sikushuka.

Nimeishika. Magotini imelowa, na ina mchanga wa makaburini.